Mzee, mbona kompyuta haioni herufi ninayoiona mimi?

*Jambo Mzee. Nina kibanda cha fotokopi hapa Nyawera, Bukavu. Kwenye mradi anakofanya kazi dada yangu wanamuaga mgeni kutoka Kambodia, na mimi natengeneza bango lenye "asante" kwa lugha kadhaa. Mgeni alituma neno lake kwa simu: អរគុណ. Sina kibodi ya lugha yake, basi nikachagua herufi moja moja kwenye jedwali la alama. Nimelinganisha, zinafanana kabisa. Ila nikitafuta neno lake ndani ya faili, kompyuta inasema halipo, na kwa mchapaji herufi ya kwanza imetoka kisanduku kitupu. Nimekosea wapi?*

Mwanangu, macho yako yako sawa. Umechukua herufi kwenye chumba cha jirani.

Nilipanga herufi za madini ya risasi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka kumi na moja. Kasha lilikuwa na vyumba, a chumba chake, b chumba chake, na mkono ulijua njia wenyewe. Kompyuta nayo ina kasha, linaitwa Yunikodi, na kila chumba kina namba. Herufi za Kikhmer, lugha ya mgeni wenu, ziliingia humo mwaka 1999, katika toleo la 3.0, kuanzia namba 1780 hadi 17FF (wanahesabu kwa kumi na sita, ndiyo maana unaona A hadi F kati ya tarakimu).

Herufi yako ya kwanza, អ, ni ya mwisho katika konsonanti 33 za lugha hiyo. Chumba chake ni 17A2. Sasa kwenye 17A3 waliweka herufi ya umbo hilohilo, iliyokusudiwa kunukuu Kipali na Kisanskriti, lugha za kale za Uhindi. Haikuwa na kazi ambayo 17A2 haiwezi kuifanya, na leo Yunikodi inashauri vikali isitumike. Kuifuta haiwezekani: namba ikishagawiwa haiondolewi wala haihamishwi, ili maandishi ya jana yasiharibike kesho. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, hata kama imekuachia mtego kwenye jedwali.

Mtego kama huo ulinishika mimi. Mashine nyingi za taipu za zamani hazikuwa na 1, tulipiga l ya "leo". Nilipoingiza orodha ya wanachama wa ushirika kwenye kompyuta, vidole vilifuata desturi ile. Siku tatu nikitafuta waliozaliwa 1961, kompyuta inakana, nami nawaona pale pale kwenye kioo! Kwa kompyuta umbo si kitu. Inasoma namba tu.

Basi fanya hivi. Kwenye Word, weka kishale mara baada ya herufi ya kwanza, bonyeza Alt pamoja na X. Namba itatokea. Ikiwa ni 17A3, futa, kisha nakili herufi kutoka kwenye ujumbe wa mgeni mwenyewe. Kwa kazi zijazo ongeza kibodi ya Kikhmer kwenye mipangilio ya Windows. Hulipi hata faranga moja, na jedwali utaliacha. Mchapaji naye awe na fonti yenye herufi za Kikhmer, au umpelekee faili ya PDF iliyobeba fonti ndani yake.

Lakini usidhani kila zinazofanana ni kosa. Konsonanti ya Kikhmer ikikaa chini ya nyingine, huandikwa kwa kutanguliza alama 17D2, nayo hubadilika umbo. Hapo ដ na ត huwa na umbo moja chini, ingawa namba zao ni 178A na 178F, na zote mbili ni halali. Ipi inafaa, tahajia ya neno ndiyo inaamua, na wa kumuuliza ni mwenye lugha.

Neno lako halina herufi ya chini. Chapisha kwanza karatasi moja ya A4, dada yako amwonyeshe mgeni, ndipo uagize bango.