Usiulize pakiti ipi imepotea, uliza zimepungua ngapi

Kazi iliyonifundisha haya ilikuwa chumba cha kompyuta cha chuo kimoja pale Sinza, Dar es Salaam: mashine 40, faili moja la gigabaiti 8, na waifai peke yake kwa sababu nyaya zilikuwa hazijavutwa. Ukiituma kwa mashine moja moja, hata kasi ikiwa megabiti 100 kwa sekunde bila kuyumba, kila moja inakula karibu dakika 11. Zote 40 ni zaidi ya saa saba. Nikaamua kuirusha mara moja, zote zisikilize.

Zilisikiliza, ila kila moja ikakosa pakiti zake, yaani vile vipande vidogo ambavyo faili hukatwa ili lisafiri. Waifai ikirusha kwa wengi haisubiri jibu la "nimepata", hivyo kilichopotea ndiyo basi. Na hesabu yake inauma: kila mashine ikikosa pakiti 5 tu kati ya 100, kila moja kivyake, zinazofika kwa mashine zote 40 ni kama 13. Zile 87 zote kuna anayezidai. Kuzirudia moja moja ni karibu sawa na kutuma faili upya.

Kilichonitoa ni usimbaji wa mtandao, yaani kuchanganya pakiti kabla ya kuzirusha, wazo la watafiti Ahlswede, Cai, Li na Yeung la mwaka 2000. Tuseme mashine ya dirishani imekosa pakiti yenye thamani 12, ya mlangoni imekosa yenye thamani 10. Zichanganye kwa XOR (linganisha biti kwa biti: zikitofautiana andika 1, zikifanana andika 0), unapata 6. Tuma hiyo 6 tu. Aliye na 10 akiichanganya na 6 anapata 12. Aliye na 12 anapata 10. Pakiti moja imelipa madeni mawili.

Kwa mashine 40 usijaribu kupanga nani amekosa nini, utachanganyikiwa. Gawa faili mafungu ya pakiti 100. Kila pakiti ya nyongeza iwe jumla ya pakiti zote za fungu, kila moja ikiwa imezidishwa kwa namba ya kubahatisha, na namba hizo zisafiri mwanzoni mwa pakiti. Aliyekosa 5 anahitaji nyongeza 5, zozote zile. Mara chache sana atadai ya sita. Anazitatua kama milinganyo ya x na y. Mimi nyongeza kumi na kitu kwa kila fungu zilitosha chumba kizima.

Nilipoteza siku mbili kwa kuzidisha baiti kwa hesabu ya kawaida na kubakiza salio la kugawanya kwa 256. Usifanye hivyo. Humo, 2 mara 128 ni sifuri, na namba shufwa hazigawanyiki kurudi zilikotoka, kwa hiyo milinganyo haifunguki. Tumia uga wa Galois wenye thamani 256, yaani mfumo wa hesabu ambamo unaweza kugawanya kwa namba yoyote isipokuwa sifuri: kujumlisha ni XOR, kuzidisha unasoma kwenye jedwali.

Chumba cha pili kilikuwa nyuma ya kompyuta ndogo inayopokeza mawimbi, nayo ilikosa pakiti zake. Hapo ndipo niliupenda usimbaji huu kwa dhati. Kompyuta hiyo haingoji fungu likamilike: inachanganya upya ilichonacho, pamoja na zile namba za mwanzoni, kisha inarusha.

Ila pakiti moja iliyoharibika ikiingia kwenye mchanganyiko, fungu zima linaoza. Weka alama ya SHA-256 (namba inayokokotolewa kutoka kwenye data, hubadilika data ikibadilika) kwa kila fungu, na mashine ikague kabla ya kuandika chochote kwenye diski.