Faiba hadi Mtaani, Koaksi hadi Nyumbani: Maswali Yenu Wiki Hii

Kampuni inasema mtandao wake ni wa faiba, lakini waya ulioingia kwangu ni ule mnene wa televisheni. Nimedanganywa?

Umeambiwa nusu. Mtandao wako ni mseto. Kutoka kituo cha kampuni, data husafiri kama mwanga ndani ya uzi wa kioo hadi kwenye kisanduku cha mtaani ambacho mafundi hukiita nodi. Hapo mwanga hugeuzwa kuwa mawimbi ya redio na kuingizwa kwenye kebo ya koaksi, yenye waya mmoja katikati na kinga ya chuma kuuzunguka. Koaksi hudhoofisha mawimbi, hasa ya masafa ya juu, ndiyo maana njiani hufungwa amplifaya, yaani vikuza mawimbi. Kwa maoni yangu kampuni ingetamka wazi kwamba faiba inaishia kwenye nodi. Mteja ana haki ya kujua anacholipia.

Kupakua ni haraka sana, ila kupakia video kunanitesa. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalopenda mteja aliulize kabla ya kutia sahihi. Kebo hizi zilitandazwa kwa ajili ya televisheni, na picha zilishuka tu kwenda kwa watazamaji. Intaneti ilipokuja, njia ya kurudi, yaani ya kupakia, ilipewa kipande chembamba cha masafa: Amerika Kaskazini ni megahezi 5 hadi 42, Ulaya hadi 65. Njia ya kushuka ilibaki na eneo kubwa lililobaki, hadi karibu megahezi 1,000.

Tena kipande hicho cha chini ndicho chenye kelele nyingi zaidi. Kiungio kilicholegea katika nyumba moja huingiza mawimbi ya nje, na kelele za nyumba zote hukutana kwenye nodi. Kwa hiyo jirani usiyemjua anaweza kuharibu mkutano wako wa video, na fundi hulazimika kumsaka nyumba kwa nyumba.

Dawa ipo: kusogeza kikomo cha njia ya kurudi hadi megahezi 85 au 204, jambo linalodai kubadilisha vifaa vya njiani, zikiwemo amplifaya. Kiwango kipya cha kiufundi cha intaneti ya kebo, DOCSIS 4.0, kinalenga kupakia hadi gigabiti 6 kwa sekunde. Usiulize kasi ya kupakua pekee.

Kila jioni kasi inashuka. Tatizo ni modemu?

Pengine sivyo. Nyumba zilizo chini ya nodi moja, mara nyingi mamia, hugawana uwezo uleule. Pima kwa waya, si kwa Wi-Fi, alfajiri na usiku. Ikiwa tofauti ni kubwa, yaelekea sehemu yako ya mtandao imeelemewa. Peleka vipimo hivyo kwa kampuni na udai nodi igawanywe. Kuuziwa kifurushi kikubwa zaidi hakutaondoa msongamano huo.

Modemu yangu ni ya DOCSIS 3.0. Niibadilishe?

Inategemea kifurushi. DOCSIS ya kwanza ilitoka mwaka 1997. Toleo la 3.0, la mwaka 2006, liliruhusu modemu kuunganisha chaneli kadhaa. Kwa mfumo wa Amerika Kaskazini, chaneli moja ya megahezi 6 hubeba takriban megabiti 38 kwa sekunde, hivyo modemu ya chaneli 8 hufikia kama 300. Ukilipia zaidi ya hapo, modemu yenyewe ndiyo kizuizi. Toleo la 3.1, la mwaka 2013, linafaa, mradi kampuni yako iwe inalitumia na iikubali modemu hiyo.

Umeme ukikatika, betri ya modemu itanisaidia?

Kwa muda. Amplifaya na nodi nazo zinahitaji umeme, ambao hupitishwa kwenye koaksi hiyohiyo. Betri za mtaani zikiisha, ya kwako haina kazi.

Nimefunga splita (vigawanya mawimbi) mbili ili televisheni zipate mawimbi, sasa intaneti inakatika.

Splita ya njia mbili hupeleka chini ya nusu ya nguvu kila upande. Ukipanga mbili, modemu inabaki na chini ya robo. Iweke modemu kwenye splita ya kwanza, televisheni zigawane upande wa pili. Kaza viungio vyote, na tundu lisilotumika lizibwe kwa kizibo cha ohmu 75.