Njiwa wenye utando wa njano kooni
Kaka wa Ujiji uliyeuliza kuhusu njiwa wako wenye utando wa njano kooni, hiyo OTC (oxytetracycline, dawa ya kuua bakteria) unayowawekea kwenye maji haitawasaidia. Utando wa njano kama maziwa yaliyoganda, kinda anashindwa kumeza, mara nyingi ni trikomonasi, ugonjwa unaoletwa na kidudu cha seli moja, na hicho kidudu hakiuawi na OTC. Dawa yake ni metronidazole, kipimo kwa uzito, kwa hiyo wahi na mgonjwa mmoja kwa daktari wa mifugo apime ute wa koo kwa darubini kabla haujapoa. Usiukwangue utando, tafadhali, atavuja damu. Wazazi huambukiza makinda wanapowalisha, basi tibu banda zima, maji yabadilishwe kila siku. Ukiona pia vidonda vya magamba machoni na miguuni, shuku ndui ya ndege. Waliotibiwa wasiliwe.