Jibu: Kodi za baa za gitaa kwenye rege haziniitikii

Mkuu uliyeandika kutoka Mafinga, umesema kodi za baa (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kidole cha shahada kikiwa kimelala kukatiza nyuzi) unazikamata vizuri, ila ukipiga rege mlio unaburuzika badala ya kukatika. Tatizo liko mkono wa kushoto.

Bana kodi pale tu mkono wa kulia unaposhuka, kisha legeza papo hapo bila kuinua vidole. Ukiviinua, nyuzi zitalia wazi. Kwenye freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) kuna mtego mwingine: ukibakiza kidole cha shahada peke yake kimegusa nyuzi kidogo, utasikia kamlio kembamba kama kengele. Dawa yake ni vidole vingine navyo vilale juu ya nyuzi nyembamba muda huohuo.

Anza na kodi za Am (577555) na Dm (x57765); kila namba ni freti ya kubana, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, na x ni uzi usiopigwa. Zote ni freti ya 5, mkono hauhami. Piga nyuzi tatu au nne nyembamba tu, kwa kushuka. Zile nene mwachie mpiga besi, tafadhali. Hapo ndipo wengi wanachafua bendi nzima. Hesabu hadi nne, gitaa liingie kwenye 2 na 4. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) weka milio 60 kwa dakika, na kila mlio wake uwe 2 au 4, kamwe usiwe 1.

Kodi ya F ya freti ya 1 iache kwanza, nyuzi pale ni ngumu kubana. Na kwa baridi yetu ya Juni, pasha vidole kabla ya kuanza, halafu tyuni gitaa likishazoea joto la chumba, maana nyuzi zikipata joto hulegea.