Pumu ya ngozi na dawa za akili: linda usingizi kwanza

Pumu ya ngozi huwasha zaidi usiku, mwili unapopata joto chini ya shuka. Kwa mtu asiye na tatizo jingine, usiku mbovu ni uchovu wa kesho yake. Kwa mwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), siku chache za kulala kwa saa 3 au 4 zinaweza kuamsha mania, yaani msisimko uliopitiliza. Kwa mwenye sonona, hali huzama zaidi. Ndiyo maana tunashauri dawa yoyote ya ngozi ipimwe kwanza kwa swali hili: itampa mgonjwa usingizi wa kweli, au itamvuruga?

Wengi hukimbilia Piriton, dawa ya mzio. Inalaza, lakini haizimi muwasho wa pumu ya ngozi, kwa sababu muwasho huu hauletwi zaidi na histamini, kemikali ya mzio mwilini. Ukiiweka juu ya dawa za akili zinazolaza, kama klopromazini, olanzapini, amitriptilini au diazepamu, unaamka na kichwa kizito, na usiku umejikuna bila kujua. Ukiwa pia unatumia Artane (kidonge cha kuzuia mtetemo na kukakamaa kunakoletwa na dawa za akili), choo kinafunga, mdomo unakauka, na mzee anaweza kushindwa kukojoa. Haidroksizini, dawa nyingine ya mzio, inahitaji tahadhari kubwa zaidi: pamoja na haloperidoli, sitalopramu au esitalopramu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Muwasho unatulizwa kwenye ngozi yenyewe, na hapa wengi hukosea kipimo. Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni ni ya kwapani, sehemu za siri na miguuni tu, na Dettol usiitie kwenye maji. Jikaushe kwa kubonyezabonyeza taulo, kisha dakika chache tu baadaye, ngozi ingali na unyevu, paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato. Mtu mzima aliyeathirika mwili mzima anahitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kama kopo la gramu 50 linakutosha mwezi mzima, hupaki, unagusa tu. (Mafuta haya hulowesha nguo na shuka, na kitambaa hicho hushika moto upesi. Anayevuta sigara asivutie kitandani.)

Krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, nayo ina kipimo chake. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole. Usoni ni haidrokotisoni ya asilimia 1. Kwenye mwili wa mtu mzima, betamethasoni ya asilimia 0.1 mara moja kwa siku. Kosa tunaloliona sana ni kuacha siku ya tatu kwa kuwa muwasho umepungua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho. Pitisha kidole: pakiwa bado nene, na joto au na vipele vidogo, endelea hadi pawe laini. Baada ya hapo, sehemu zinazorudiarudia zipakwe usiku mara mbili kwa wiki. Tyubu za mchanganyiko wa steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi zisiwe mafuta ya kila siku.

Steroidi za vidonge na sindano ni habari nyingine. Prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, inaweza kukata usingizi, kuleta mania, sonona hata kuona na kusikia visivyokuwepo. Hatari hupanda na dozi, hasa ikizidi miligramu 40 kwa siku. Isitoshe, ngozi mara nyingi hulipuka upya dawa ikiisha. Kabla hujakubali, taja ugonjwa wako wa akili kwa jina. Ikilazimu, meza asubuhi, na mtu wa nyumbani ahesabu saa unazolala kila usiku. Ukianza kulala kidogo huku una nguvu za ajabu, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Kama umeitumia kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla.

Sasa lamotrijini, dawa ya bipola inayoweza kuleta upele wa hatari, ambayo mwenye pumu ya ngozi asiianze kwa haraka. Kwa kawaida huanza miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, kisha 50 kwa wiki 2. Ukiwa kwenye valproeti, dawa nyingine ya bipola, ni 25 kwa kuruka siku: leo unameza, kesho humezi. Kabla ya kidonge cha kwanza, piga picha mikono, kifua, mgongo na uso. Kwa wiki 8 za mwanzo usibadilishe sabuni wala mafuta, ili upele mpya ukitokea usibaki kubahatisha chanzo. Pumu ya ngozi hukaa palepale pake pa siku zote: viwiko, nyuma ya magoti, shingo. Upele wa hatari huenea kifuani na usoni ndani ya siku chache, unauma kuliko kuwasha, na huja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au malengelenge. Hapo usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali mara moja. Ukipata upele kama huo kwa kabamazepini, fanya vivyo hivyo. Na ukikosa lamotrijini zaidi ya siku 5, usirudie dozi yako ya zamani. Uliza kwanza, kwani huanzwa tena chini.

Kwa anayetumia lithiamu, nayo dawa ya bipola, ngozi ikiuma meza parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha lithiamu kwenye damu. Ngozi ikitoa majimaji na magamba ya manjano, imeingia bakteria, lakini usichague antibiotiki mwenyewe: erithromaisini hupandisha kabamazepini, siprofloksasini hupandisha olanzapini na klozapini. Onyesha daftari la kliniki dukani.

Jambo moja huulizwa mara chache: sindano za kila mwezi za flufenazini na haloperidoli huyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta. Ukiwa na mzio wa ufuta, mwambie muuguzi kabla hajavuta dawa. Ichomwe pia mahali ambapo ngozi ni nzima.

Zipo siku sonona inakuacha kitandani. Siku hizo acha kuoga, acha ratiba yote. Weka kopo la mafuta kando ya vidonge vya jioni, na ukimeza, chota kwa kijiko safi, maana vidole hupeleka bakteria ndani ya kopo. Paka viwiko, nyuma ya magoti, shingo na mikono, basi. Na muwasho ukikufikisha mahali pa kutamani kufa, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu wa karibu usiku uleule, mwende pamoja hospitali.