Mbele kunagonga? Usikimbilie kununua shokapu

Ukimiliki Subaru Impreza WRX hapa Kigoma unapewa ushauri wa bure kila unapoegesha. Simama Mwanga sokoni, mbele kunagonga ko-ko-ko, atatokea mtu aliyeegemea bodaboda yake akuambie: "Braza, shokapu hizo." Hajainama chini, hajagusa kitu. Mara nyingi amekosea, na hasara ya kosa lake unaibeba wewe, maana spea za gari la namna hii hazipo kila duka. Zinaagizwa Dar, mwendo wa zaidi ya kilometa elfu moja, na muuzaji akishasikia umezifunga mara moja hazipokei tena.

Mimi nimeliendesha gari hili kwenye lami na kwenye vumbi, na nimefika mahali pa kuamini hivi: kelele ni jambo moja, shokapu kufa ni jambo lingine. Shokapu mara nyingi hufa kimya. Wanaopiga kelele ni majirani zake.

Kwanza uelewe umebeba nini. Mbele ya Impreza kuna mfumo wa MacPherson, wenye jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ulioanza kuenea kupitia magari ya Ford miaka ya 1950. Shokapu imevikwa springi, juu imefungwa kwenye bodi kwa nati tatu, chini imekamata kipande kinachobeba habu kwa bolti mbili. Mkono wa juu hakuna. Kwa hiyo shokapu haizuii mdundo tu, ndiyo pia inayolishikilia tairi lisimame. Altezza na Mark X mbele zina mikono miwili, wa juu na wa chini, na shokapu yake ikichoka au kupinda tairi bado lina wa kulishika. Kwetu ikipinda hata kidogo, tairi linainama. Fundi aliyezoea Mark X ni fundi mzuri, ila kwenye Subaru kaa naye pembeni.

Haya, kelele. Inayogonga harakaharaka kwenye vishimo vidogo, mwendo wa pole, mara nyingi ni stabilaiza linki, zile fimbo fupi zenye kichwa kila upande. Ni spea ya bei ndogo na njia mbovu inaimaliza mapema. Kuhakikisha ni rahisi: fungua linki zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zifunge kwa waya zisining'inie, kisha pita palepale panapogonga. Kelele ikiisha umeshaipata. Usiingie kona kwa kasi ukiwa hivyo, gari litalala.

Kelele inayotoka unapogeuza usukani gari likiwa limesimama, kitu kinakaza halafu kinaachia kwa "tung", hiyo ni mauntini ya juu, kile kikalio kinachoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi, au beringi yake. Mtu azungushe usukani taratibu mwisho hadi mwisho, wewe uweke kiganja kwenye springi kwa nje. Nasema kwa nje, vidole visiingie kati ya mizunguko yake. Beringi ikiwa nzima, springi inageuka laini pamoja na tairi. Ikiwa mbovu, springi inang'ang'ania kisha inaruka, na mkono unaijua kabla ya sikio.

Boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachounganisha mkono wa chini na kipande cha habu, usiiruke. Kwa mfumo huu uzito wa gari haukai juu yake, kwa hiyo piga jeki kwenye bodi, tairi lining'inie, kisha ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na kipande cha habu, ubinue. Ikicheza, habari ya shokapu iahirishwe. Boljointi ikichomoka njiani gari linakaa chini papo hapo.

Wenye STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, mna lenu. Shokapu zenu za mbele zimegeuzwa, sehemu nene iko juu na inateleza ndani ya ala iliyojazwa grisi. Grisi ikikauka zinagonga kwenye matuta, hata kama ndani bado ni nzima. Zinafunguliwa, zinasafishwa, zinatiwa grisi mpya. Nimeona watu wakizitupa.

Sasa shokapu yenyewe. Ile ya kukandamiza boneti na kuhesabu gari linadunda mara ngapi haikusaidii sana. Gari la michezo springi zake ni ngumu, unaweza kulilalia na tumbo lako lote lisishuke kitu, na shokapu iliyobakiza nusu ya nguvu bado itafaulu mtihani huo. Angalia mafuta. Pangusa sehemu yote ya chini kwa kitambaa kikavu, endesha kama kawaida, kisha urudi. Unyevu mwembamba karibu na sili ya juu si kesi. Mkondo uliotambaa hadi chini, vumbi letu jekundu likanasa juu yake likawa tope jeusi linalobaki kwenye kucha, huo ni uvujaji, na hautaacha. Ukiwa hapo inua kile kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi. Kikichanika, vumbi linakwaruza ile fimbo inayong'aa, fimbo iliyokwaruzika inakata sili, na shokapu mpya itafuata njia ileile usipobadilisha na kifuniko.

Kuna kipimo nilichofundishwa na fundi mmoja mtu mzima wa Ujiji. Nilifika kwake nikitoka njia ya vumbi, nikamwamkia, kabla sijaanza maelezo yangu marefu akachuchumaa akapitisha mkono nyuma ya tairi. "Njoo ushike hapa, mwanangu. Haya, shika na ya upande ule." Ya kulia ilikuwa ya moto, ya kushoto vuguvugu tu. Akaniambia ya moto ndiyo inayofanya kazi. Ndivyo ilivyo: kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo. Isiyopata joto baada ya mtikisiko mwingi haijafanya kazi, mwenzake amebeba peke yake. Linganisha kushoto na kulia hapohapo unaposimama, shika katikati ya bomba lake, na uwe mbali na diski ya breki, hiyo inaunguza kweli.

Tairi nalo linaongea. Pitisha kiganja kuzunguka uso wake. Ukikuta mabonde na vilima vinavyojirudia, tairi limekuwa likiruka, na hapo shokapu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Likiliwa upande wa ndani tu, hayo ni ya alaimenti, yaani jinsi magurudumu yalivyopangwa kutazama na kuinama, au kitu kimepinda. Na kwa Subaru usilichukulie kwa wepesi: inavuta kwa magurudumu yote manne, na haipendi tairi moja liwe limeisha kuliko mengine. Shokapu moja uliyoichelewesha inaweza kukununulisha tairi nne.

Kupinda ndiko watu wengi hawakupimi. Jamaa yangu aliingia kwenye ukingo wa kalavati usiku, rimu ikanyooshwa, akaambiwa gari liko sawa. Lakini usukani ulikuwa umekaa pembeni hata akienda mbele. Tulichofanya ni kunyoosha magurudumu na kupima nafasi iliyopo kati ya tairi na bomba la shokapu, upande mmoja kisha wa pili, kwa kipande cha boksi la maji. Upande mmoja boksi lilipita, upande wa pili halikuingia.

Hapo bado usitangaze kupinda. Kati ya zile bolti mbili za chini, ya juu ina umbo la yai na ndiyo inayoseti tairi liiname kiasi gani. Kishindo kikali kinaweza kuisogeza. Angalia alama zilizo kwenye kichwa chake, ulinganishe na za upande wa pili. Kama bolti haijahama na nafasi imebadilika, kilichopinda ni shokapu au kipande cha habu. Kama tairi linaonekana limeinama lakini nafasi ziko sawa pande zote, acha shokapu, tafuta mkono wa chini au fremu inayobeba injini. Jamaa bolti yake ilikuwa palepale. Shokapu ilipotolewa, fimbo ilikuwa na kona.

Ukishajua ni shokapu, nunua mbili. Ya kushoto na ya kulia za mbele hazifanani, zina vishikizo vya mpira wa breki kila moja kwa upande wake, taja pande zote unapoagiza. Kama ni za mtumba, isimamishe wima, ikandamize polepole hadi chini: ugumu uwe uleule njia nzima, pasiwe na mahali inapozama ghafla, na ya gesi ukiiachia ipande yenyewe. Zile zinazotobolewa, zikajazwa oili na kuchomelewa, mimi sizifungi hata kwa bure.

Kabla ya kufungua, piga alama kwa patasi au rangi kwenye ile bolti ya umbo la yai. Nati ya katikati juu ya mauntini isiguswe mpaka springi ibanwe kwa vibanio vyake. Si kamba, si waya wa nyavu. Springi ile ikiachia inaua. Kisha alaimenti. Ya kamba inaonesha magurudumu yanatazama wapi, haioneshi yameinama kiasi gani, kwa hiyo tafuta ya mashine, na uondoke na karatasi yenye vipimo vya kushoto na vya kulia.