Konokono wanaokula matumbawe tangini: watoe usiku kwa mkono, na jiwe usilichemshe

Dada, pole. Nimesoma swali lako mara mbili. Tangi la lita 200, zoantidi (vinyama vya jamii ya matumbawe, vinavyofumbuka kama maua) zimejifunga wiki mbili sasa, maji umepima yako sawa, na jana umemkuta konokono mdogo mwenye madoa meusi na meupe kama ubao wa drafti. Mmoja amekushauri utie dawa ya shaba, mwingine amesema ulitoe jiwe ulichemshe. Naanza na ushauri huo, maana unaweza kukupeleka pabaya.

Jiwe lenye zoantidi halichemshwi, halimwagiwi maji ya moto, wala halisuguliwi likiwa kavu. Zoantidi, hasa za jamii ya Palythoa, zina sumu iitwayo palitoksini, na ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazopatikana kwa viumbe hai. Wanakemia waliitenga mwaka 1971 kutoka kwenye Palythoa ya Hawaii. Ukichemsha, sumu inapanda na mvuke na unaivuta wewe na wote waliomo nyumbani. Kuna familia zimelazwa hospitali kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa akisafisha mawe ya tangi. Ukiona ladha ya chuma mdomoni, homa, kifua kubana au misuli kuuma baada ya kushika mawe hayo, toka nje upate hewa, nenda hospitali haraka na uwaambie ulishika nini. Ama shaba, itamuua konokono, ni kweli, lakini itaua na matumbawe, kamba na kaa, kisha itaingia kwenye mawe na mchanga na kukusumbua muda mrefu.

Mimi nipo Muscat, tangi langu ni la lita 300. Miaka mitatu nyuma nilinunua jiwe zuri la zoantidi za kijani kwa mfugaji mwenzangu, nikalitia siku ileile bila kulitenga. Baada ya kama wiki tatu zikaanza kufunga upande mmoja, kisha kunywea, kisha pakabaki mwamba mtupu. Nilibadilisha maji, nikashusha taa, nikahamisha jiwe mbali na mkondo wa pampu. Nilipoteza karibu mwezi mzima nikishughulikia yasiyohusika, kumbe ni konokono. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kwa maelezo yako, huyo wako nadhani ni Heliacus, konokono wa jamii ya Architectonicidae, na chakula chake ni zoantidi. Ni mdogo, mara nyingi hafiki hata sentimita moja na nusu. Mgeuze umtazame chini: katikati ya mzunguko wa gamba kuna tundu lililozama, na ndani yake unaona pingili zikishuka kama ngazi za mnara wa msikiti. Mlango wake anaufunga kwa kifuniko kilichochongoka kama pia ya kuchezea. Alama hizo zikiwepo, huna haja ya kubishana na mtu.

Utasikia watu wakisema konokono mla nyama anajulikana kwa mfereji mdogo mbele ya mdomo wa gamba, anapopitishia mrija wake wa kunusia, na mwenye mdomo wa duara ni mla mwani. Kanuni hiyo inasaidia, ila usiitegemee peke yake. Nassarius ana mrija mrefu na hana ubaya wowote, anakula mizoga mchangani. Heliacus hana mfereji huo, na ndiye anayekumalizia zoantidi. Mimi naangalia kwanza yuko wapi saa tano za usiku. Konokono anayekutwa kwenye kioo akilamba mwani, mwache. Anayekutwa usiku baada ya usiku kwenye tumbawe lilelile, na tumbawe hilo linadhoofika, huyo toa.

Zima taa, subiri kama muda wa saa mbili, kisha tumia tochi uliyoifunika kwa plastiki nyekundu. Mchana Heliacus anajibana kwenye vishina vya polipu, yaani vile viua vya zoantidi kimoja kimoja, na zoantidi zikifumbuka humwoni kabisa. Usiku ule wa kwanza nilivaa glavu ndefu na miwani ya kukinga macho, nikalitoa jiwe nikalilaza kwenye beseni lenye maji ya tangi lenyewe. Polipu zilikuwa zimefumba, na katikati yao nikaona kitu kama punje ya pilipili manga yenye mistari. Nikakisukuma kwa ncha ya kibanio, kikaanguka ndani ya beseni, mlango wa gamba umefungwa. Nikaendelea kuachanisha vishina kimoja kimoja, taratibu, bila kuvichubua. Usiku huo niliwatoa 14. Usiku wa tatu, watano. Wiki iliyofuata mmoja tu, mdogo kama kichwa cha pini, na ubavuni mwa jiwe uteute wenye chembechembe nyeupe. Hayo ni mayai. Uteute huo niliukwangua kwa mswaki laini jiwe likiwa ndani ya maji, ili majimaji yasinirukie, na maji ya beseni sikuyarudisha tangini.

Dawa za kuchovya matumbawe, za iodini na nyinginezo, zina kazi yake, lakini kwa konokono usizitarajie sana. Akishajifungia ndani, dakika kumi au kumi na tano za dawa zinapita yeye yuko salama, na mayai ndiyo kabisa. Mimi huchovya kisha hukagua kwa mkono na kioo cha kukuzia, na ninachokiamini ni huo mkono. Rudia kila wiki kwa wiki sita hata kama huoni kitu. Zoantidi zangu zilianza kufumbuka siku ya nne baada ya usiku ule wa kwanza.

Wako wengine wa kuwajua usije ukawachanganya. Kwenye matumbawe magumu kama Acropora na Montipora adui ni konokono Drupella: gamba nene lenye vinundu, mara nyingi limefunikwa na rangi ya zambarau ya mwani mgumu hata linafanana na jiwe lenyewe, na nyuma yake anaacha alama nyeupe, mifupa mitupu. Huyu yuko hata katika miamba ya kwetu pwani. Mwaka 1994 ilichapishwa taarifa ya utafiti kwamba anaongezeka katika miamba ya Kenya. Kwenye matumbawe laini kama Sarcophyton, mchunguze Calpurnus verrucosus, mweupe kama yai, anafanana na kauri, na mwili wake una vitone vyeusi. Ukiwa na chaza mkubwa, Tridacna, tafuta vikonokono vyeupe vyenye umbo la punje ya mchele, kama milimita tatu, pembezoni mwa nyama yake, wale wananyonya. Hapo wengi wanamuua bure Collonista, ambaye ni mdogo vilevile lakini wa duara, na hana kosa lolote.

Unaowatoa wagandishe kwenye friza usiku mzima, kisha watupe na takataka. Usiwamwage baharini wala kwenye mfereji, hata kama bahari iko mlangoni kwako, kwa sababu huwezi kujua wametoka bahari gani. Na jiwe lolote jipya kuanzia leo likae karantini wiki nne hadi sita kwenye chombo cha pembeni chenye pampu na hita.

Leo usiku, kabla hujatia kitu chochote kwenye maji, mtoe huyo mmoja, umpige picha akiwa amegeuzwa chini, gamba lote lionekane pamoja na mlango wake, na uiweke hapa. Useme pia umemtoa kwenye jiwe lipi, na kama polipu za jirani yake zimenywea au zimefunga tu.